Jibu: Hotuba ya mahafali, orodha ya wanazuoni haisisimui

Waalaikumu salaam ndugu. Umeuliza kwa nini hotuba yako ya mahafali, yenye orodha ya wanazuoni wa Kiislamu, haisisimui. Dakika kumi hazibebi wanazuoni ishirini, ndiyo maana wahitimu wanasinzia. Bakiza mmoja tu: Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, karne ya 9. Sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra ni hesabu za wasia na mirathi, shida za watu wa kawaida kabisa. Wape moja waikokotoe palepale: kwa mirathi ya Kiislamu, marehemu kaacha milioni 24, mjane, mwana wa kiume na binti (wazazi wake hawapo, la sivyo mafungu yanabadilika). Mjane thumni (moja ya nane), yaani milioni 3. Zinabaki 21, na mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti: mwana 14, binti 7. Kisha waulize fani zao zinatatua shida ipi mtaani.

Usiseme alivumbua sifuri. Ilitoka India, yeye alieleza tarakimu za Kihindi. Mhitimu wa hisabati akikusahihisha hapo, ukumbi umeshakuponyoka.