The Exorcist haijachuja, ni wewe uliyeirukaruka

Msomaji mmoja ametuma ujumbe. Kaitafuta The Exorcist, ile filamu ya msichana aliyepagawa na mapadre wanaoitwa kumpunga pepo, kwa sababu kila orodha ya filamu za kutisha huipa nafasi ya juu. Akakuta padre mzee anazurura kwenye magofu ya Iraki, kisha mama anayehangaika na madaktari. Akachoka, akarusha mbele mpaka pale kichwa kinapozunguka, akacheka. Sasa anauliza watu wa 1973 waliogopa nini.

Ndugu yangu, waliogopa hayo uliyoyaruka.

Tuanze na nakala, maana wengi huharibikiwa hapo. Zipo mbili kuu. Ya Desemba 1973 ina dakika 122, na iliyorudishwa kumbini mwaka 2000 ina 132. Tazama muda kabla hujaiwasha. Ukipata DVD ya mfumo wa PAL (ule wa runinga za Ulaya na kwingineko) yenye dakika 117 usidhani umeuziwa iliyokatwa: PAL huonyesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu nzima hukimbia kidogo. Kwa hesabu hiyohiyo ile ya 2000 husoma kama 127.

Mara ya kwanza chukua ya 1973. Ya 2000 imeongeza msichana akishuka ngazi kinyumenyume kama buibui, sura za pepo zinazomulika ukutani bila sababu, na mazungumzo ya mapadre wawili wakiwa wameketi ngazini katikati ya ibada. William Peter Blatty, aliyeandika riwaya na mswada wa filamu, aliyapenda sana mazungumzo hayo. Mwongozaji William Friedkin aliyakata mwaka 1973, na kwa maoni yangu hakukosea. Padre Merrin, yule mzee wa Iraki, anaeleza pale kwa mdomo jambo ambalo mtazamaji amekuwa akilihisi mwenyewe kwa saa nzima. Ukishaelezwa, huhisi tena.

Sasa runinga. Zima ile mipangilio inayolainisha mwendo wa picha, maana hufanya filamu ionekane kama tamthilia ya mchana. Usipandishe mwangaza. Chumba cha msichana kilijengwa ndani ya studio New York na kupozwa kwa mitambo mikubwa hadi chini ya nyuzi sifuri, ili mvuke wa pumzi uonekane, na mpigapicha Owen Roizman aliumulika kutokea nyuma. Mvuke ule ni wa kweli. Ukiongeza mwanga, giza lililo nyuma yake hugeuka kijivu na mvuke unapotea.

Sauti ndiyo hasa. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar kumi ikapata mbili, moja ya mswada na nyingine ya sauti. Runinga nyingi zina mpangilio wa usiku unaosawazisha sauti kubwa na ndogo. Uzime. Friedkin anatoka kwenye kelele na kukutupa kwenye kimya, kisha anafanya kinyume chake, na mpangilio huo hulainisha vyote viwili. Spika za kompyuta ndogo nazo hazitoshi, kwa sababu mikwaruzo ya darini mwanzoni mwa filamu itakupita. Tumia hedifoni. Weka sauti kwa kipimo cha maongezi ya kawaida mezani, halafu usiiguse tena, hata simu ikilia ghafla wakati padre anasikiliza kanda yenye sauti ya msichana.

Wala usingoje muziki ukupe onyo. Muziki ulioandikwa na Lalo Schifrin ulikataliwa, na kile kipande maarufu cha Mike Oldfield, ambacho kila mtu hukihusisha na filamu hii, husikika kidogo tu. Sehemu kubwa ya hofu haina ala yoyote. Sauti ya pepo ni ya mwigizaji Mercedes McCambridge, iliyokwaruzwa makusudi kwa sigara, pombe na mayai mabichi. Shingo inayogeuka ni pochi kuukuu ya ngozi iliyokunjwakunjwa mbele ya maikrofoni.

Tuje kwenye ile saa ya kwanza unayoiita ya kuchosha. Dakika kama kumi za Iraki hazina maelezo, na hazitakiwi kuwa nayo. Mtazame Merrin mikono inavyotetemeka anapomeza vidonge vya moyo. Sikiliza nyundo za wahunzi. Angalia saa ya ukutani inavyosimama. (Max von Sydow alikuwa na miaka arobaini na kitu tu, uzee wote ule ni vipodozi vya Dick Smith.) Vidonge vile utavikumbuka baadaye.

Halafu madaktari. Wanaanza na Ritalin, dawa ya watoto wasiotulia, wanahamia kwenye sehemu ya ubongo inayoshukiwa kuwa na kidonda, kisha wanapiga picha ya mishipa kwa kuchoma sindano shingoni. Damu inaruka. Hakuna pepo chumbani, ni mashine na watu wapole wanaofanya kazi yao, na kwa wengi hapo ndipo pagumu kuliko pote. Mama anawatajia kuwa amekwisha kuona madaktari 88. Tena wazo la kupunga pepo linatoka kwa madaktari, si kwa kanisa, nao wanalitoa kama tiba ya kisaikolojia kwa mtu anayeamini kuwa amepagawa. Ukiruka hapo, padre anaonekana kama mchawi aliyeitwa haraka. Ukikaa, unaelewa kuwa kila mlango mwingine umekwisha kufungwa.

Basi mfuate Padre Karras. Usimfuate msichana. Karras ni padre wa shirika la Wajesuiti na tabibu wa akili, imani inamtoka, na mama yake amekufa peke yake. Anamnyunyizia msichana maji ya bomba akidai ni ya baraka, pepo anapiga kelele za maumivu, na huo ni ushahidi kwamba hakuna pepo. Lugha ya ajabu kwenye kanda ni Kiingereza kilichogeuzwa nyuma mbele. Ushahidi wa pande zote mbili unamfikia pamoja. Mapema kabisa, kwenye kituo cha treni, ombaomba anamwomba msaada naye anaugeuza uso. Shika maneno ya ombaomba yule, kwa sababu utayasikia tena kutoka kitandani mwa msichana.

Merrin anafika nyumbani baada ya saa moja na nusu hivi, na anatoa onyo la kitabibu kabisa: usizungumze na pepo, ni mwongo, na atachanganya uongo na ukweli. Karras anataka kumweleza kwamba ameona nafsi tatu ndani ya msichana. Merrin anajibu kuwa ipo moja. Kuanzia hapo usihesabu matapishi. Hesabu mara ambazo Karras anajibu alipokatazwa kujibu.

Na acheni kutazama filamu kwa vipande vya dakika tatu kwenye simu kisha kutangaza kuwa imezeeka. Keti mara moja, bila kusimamisha. Watoto wasiwepo, kuna matusi mazito na tukio la msalaba ambalo hata mtu mzima hujiandaa nalo.

Ukirudia mara ya pili, fuata medali ya Mtakatifu Yosefu. Inachimbuliwa Iraki, inaanguka ndani ya ndoto ya Karras, inaning'inia shingoni mwake. Hapo sasa toleo la 2000 lina faida. Katika la 1973 mama anampa Padre Dyer, rafiki wa Karras, medali ile naye anabaki nayo, katika la 2000 Dyer anamrudishia. Zitazame tamati zote mbili siku moja, uone ni ipi inayomwacha mama akiwa mtu anayetaka kusahau.