Nenda na daftari, na nenda kabla ya Oktoba

Swali la wiki hii linauliza mzazi mwenye mtoto mdogo mwenye ulemavu afanyeje ili shule impokee na impangie masomo yanayomfaa. Mi nipo Mikindani, Mtwara, mwanangu wa kiume ana miaka sita na ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo wake hauongozi vizuri misuli ya mwili. Jibu langu ni nenda na daftari. Ngoja nieleze, maana mara ya kwanza nilienda mikono mitupu nikarudi nalia njia nzima.

Ilikuwa Januari, shule zimeshafunguliwa, nikambeba mgongoni mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakunitukana wala nini, alimwangalia mtoto akaniuliza ana tatizo gani, nikasema mtindio wa ubongo, akasema mama huyu mtafutie shule maalum, sisi hapa darasa la awali wamejaa na mwalimu ni mmoja. Maongezi yakaishia hapo. Hakuuliza kama anaelewa, anakula vipi, anakaaje, na mi sikusema. Nilipeleka jina la ulemavu tu, na jina peke yake halimwambii mwalimu amkalishe wapi wala amfundishe vipi.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Tandahimba tuliyekuwa tunakutana kwenye mazoezi ya viungo hospitali. Akaniambia dada andika, kila siku, anachoweza kiwe cha kwanza, anachoshindwa kifuate. Nikanunua daftari. Wiki za mwanzo niliandika vitu vya juujuu, anacheka, analia, baadaye macho yakazoea kuangalia. Nikaandika kwamba akiegemezwa kwenye pembe ya ukuta anakaa wima karibu nusu saa ndo anaanza kuteleza, na akiwa amekaa hivyo mkono wa kushoto unashika kijiko, lakini akilala haushiki kitu. Uji mzito unapita vizuri, maji matupu yanampalia. Ndiyo yake ni kuinua macho juu, hapana yake ni kugeuza kichwa. Na samaki wote anaoleta bibi yake kutoka pwani anawajua, changu, kibua, tasi, ukimwonyesha changu ukamwita kibua anageuza kichwa mpaka urekebishe. Niliposoma hiyo ya samaki mwenyewe nilikaa kimya muda, yaani mtoto niliyeambiwa haelewi ananisahihisha.

Mara ya pili nilienda Agosti. Nasisitiza hapa kwa wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, uandikishaji wa awali huwa Oktoba mpaka Desemba, na huo ndo msimu wenyewe wa korosho, tupo mashambani na minadani, tukija kushtuka ni Januari na darasa limeshajaa. Nenda mapema mwalimu ana nafasi ya kukusikiliza. Na usiende peke yako, mi nilimchukua kaka yangu, huku kwetu mjomba ana sauti kwa mtoto wa dada yake, halafu nikiwa peke yangu nasahau nusu ya niliyopanga kusema. Niliomba pia mwalimu wa awali mwenyewe awepo, maana ndo atakayeshinda naye, na nikapita kwa afisa elimu maalum wa halmashauri, naye akamtuma mwalimu wa kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu.

Sheria niliitaja mara moja tu, ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inayompa mtoto haki ya kuandikishwa shule kama wenzake. Nusu saa nzima iliyobaki tulisoma daftari. Mwalimu wa awali aliposikia habari ya pembe ya ukuta akauliza, kwa hiyo akipata kiti cha namna hiyo atashika chaki? Hapo ndo kikao kiligeuka, tukaacha kubishana apelekwe wapi tukaanza kupanga. Fundi seremala wa mtaani katengeneza kiti chenye mgongo wa pembe na kimeza mbele, anakaa mbele karibu na mwalimu, anapumzishwa kwenye mkeka kila baada ya nusu saa, anajibu kwa macho akionyeshwa picha mbili, uji wake unaachwa uwe mzito.

Nikaomba yaandikwe, nani atafanya nini na lini tutakaa tena. Hili ombi si la ajabu, Marekani tangu sheria yao ya 1975 mtoto mwenye ulemavu anaandikiwa mpango wake mwenyewe na mzazi anakaa mezani kuupanga. Mpango wetu ni karatasi moja tu, nakala moja shuleni, moja ninayo mimi.

Wanaosema mwache kwanza akue, jamani, mtindio wa ubongo hausubiriwi uishe. Miaka hii midogo ndo ya kumzoesha kukaa, kushika, kujibu.

Yuko awali tangu Januari. Bado choo, ni shimo la kuchuchumaa na hawezi, kwa hiyo kila siku saa nne naenda shule mwenyewe kumsaidia. Fundi anatengeneza stuli yenye tundu. Juni tunakaa tena, mwalimu, mjomba wake na mimi, na choo kimeandikwa cha kwanza.