Ulingo lazima unese: anguko la Mankind na jukwaa la vijana wa Kayole

Swali: Habari ya kazi, fundi. Sisi ni kikundi cha vijana wa Kayole, Nairobi, na tunapanga onyesho la mieleka ya burudani katika ukumbi wa kukodisha mwezi wa Desemba. Tumeangalia mara nyingi King of the Ring ya 1998, mieleka ya Marekani, ile ambayo mwanamieleka Undertaker alimtupa mwenzake Mankind kutoka juu ya kizimba. Wenzangu wanasema ulingo ule una springi ndani, ndiyo maana jamaa aliweza kuamka. Welda wetu naye anataka kuweka miguu ya chuma kila mita moja ili jukwaa lisitikisike, kisha tutandike magodoro juu. Nani yuko sawa? Na je, tunaweza kujenga kizimba chenye paa?

Jibu: Hakuna aliye sawa kabisa, lakini kosa la welda ndilo la kuvunja watu mgongo. Ulingo wa mieleka si jukwaa la kwaya. Jukwaa la kwaya linatakiwa kutulia, ulingo unatakiwa kunesa. Ukiuwekea miguu kila mita moja, umejenga sakafu ya saruji kwa kutumia chuma, na godoro halitaisaidia.

Tuanze na hiyo mechi, maana ukiitazama kwa jicho la ufundi ina majibu mengi. Ilikuwa 28 Juni 1998 katika Civic Arena, mjini Pittsburgh. Kizimba kilikuwa na kimo cha futi 16 hivi, yaani karibu mita 4.9. Mick Foley, aliyecheza kwa jina la Mankind, alianguka mara mbili. Kwanza alitupwa kutoka ukingoni mwa paa hadi kwenye meza ya watangazaji wa Kihispania. Baadaye akapanda tena, akakabwa koo, akainuliwa na kubwagwa juu ya paa. Wavu ukaachia, akapita hadi ulingoni, na kiti cha chuma kilichokuwa juu kikamfuata na kumpiga usoni. Anguko la kwanza lilipangwa. La pili halikupangwa. Watu hukumbuka la kwanza kwa sababu ya picha yake, ila la pili ndilo lililompotezea fahamu, ingawa lilikuwa fupi kwa karibu mita moja kwa kuwa jukwaa la ulingo limeinuka.

Kwa nini fupi likaumiza zaidi? Kwa sababu kinachoamua maumivu ni umbali ambao mwili unapata wa kupunguza kasi, kuliko urefu wa anguko lenyewe. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya urefu wa anguko kwa umbali wa kusimama, utapata takribani ni mara ngapi ya uzito wake mtu anabanwa, kwa wastani. Meza ilipovunjika ilishuka pamoja naye. Tukisema ilimpa nusu mita ya kupunguza kasi, 4.9 gawanya kwa 0.5 ni karibu mara 10. Ulingoni alianguka kama mita 3.9. Mbao, boriti na sponji kwa pamoja, tukiwa wakarimu, zilimpa sentimita 10. Hiyo ni karibu mara 39. Sasa fikiria jukwaa la miguu kila mita, lenye kunesa sentimita moja tu, na mtu anabwagwa kutoka mita 1.5, kitendo cha kawaida kabisa katika mechi yoyote. Chuma hakimpi kitu, kwa hiyo anategemea godoro peke yake.

Godoro la kulalia lina kasoro mbili. Sponji yake ni laini mno, hivyo mwili unaibana hadi mwisho kabla kasi haijaisha, na kinachobaki unakimalizia kwenye chuma. Kasoro ya pili ni kifundo cha mguu: mtu anayekimbia juu ya sponji nene laini huzama na kujipinda. Unachohitaji ni sponji ngumu ya inchi 1, ile iliyotengenezwa kwa vipande vilivyogandishwa pamoja. Kazi yake ni kulinda ngozi, viwiko na kisogo. Kunesa kunatoka chini.

Kuhusu springi, yapo malingo yenye springi kubwa katikati, chini ya boriti. Mengine mengi hayana, yanategemea chuma na mbao kupinda. Nawashauri muiache springi. Ikikaa upande au ikichoka, katikati kunakuwa na nundu au shimo, na fundi asiyeizoea hawezi kulitambua tatizo mpaka mtu aumie.

Jengeni ulingo wa futi 16 kwa 16. WWE, kampuni ya Marekani iliyoandaa mechi ile, hutumia wa futi 20, lakini ukumbi wa kukodisha hauna nafasi hiyo, na futi 16 inaendana na vipimo vya mbao na plaiwudi za Nairobi bila kupoteza kipande. Kimo cha jukwaa kiwe mita 1.

Nguzo ni 4, za bomba la chuma lenye upana wa inchi 4 na nusu na unene wa milimita 6, urefu mita 2.3. Boriti ni 5 za umbo la I, kimo milimita 150, kila moja futi 16: nne za pembeni na moja inayopita katikati kutoka upande hadi upande. Hiyo ya katikati ndiyo welda atakayotamani kuiwekea mguu. Asiiwekee. Hata jiwe au kipande cha mbao kilichosahaulika chini yake kinatosha kutengeneza sehemu moja ngumu, na uti wa mgongo utaipata hiyo sehemu. Boriti za pembeni zikae kwenye mifuko ya bamba la milimita 10 iliyochomelewa pande zote kwenye nguzo, ya katikati ikae kwenye mifuko kama hiyo katikati ya boriti mbili za pembeni, kisha kila moja ifungwe kwa pini ya milimita 20 yenye kizuizi. Msitegemee uzito kuishikilia. Kabla ya kuchomelea chochote, mpelekeeni injinia wa ujenzi mchoro wenye vipimo hivi aupitie.

Juu ya boriti zinalala mbao 32 za futi 8, inchi 12 kwa 2, safu mbili za mbao 16, kila ubao ukitoka boriti ya pembeni hadi ya katikati. Nunueni 34. Saiprasi inafaa kuliko mkaratusi, ambao hupinda na kupasuka ukikauka. Msizipige randa, la sivyo upana unapungua na mapengo yanabaki. Mbao nyingi zinazouzwa soko la Gikomba bado ni mbichi, kwa hiyo zipangeni kivulini zikiwa na vijiti katikati yake kwa wiki tatu au nne. Geuza kila ubao na uangalie upande utakaokaa chini, maana huko ndiko nyuzi zinakovutika: fundo lenye ukubwa wa kifuniko cha soda karibu na katikati ya ubao ni sababu ya kuukataa. Mtu wa kilo 100 akisimama katikati ya ubao mzuri, utapinda kama sentimita moja na nusu kisha urudi. Ndicho mnachotaka.

Mbao hizo zisipigiliwe misumari. Ukipigilia unaziua nguvu za kunesa, na baada ya onyesho la pili misumari inaanza kuchomoza kuelekea sponji. Zishikeni kwa ukingo wa chuma cha L uliochomelewa juu ya boriti za pembeni, ili zisiteleze kutoka.

Juu yake plaiwudi 8 za milimita 12, zikatishe mwelekeo wa mbao. Hapa mafundi wengi hukosea: wakizipanga zote nzima, kiungo kimoja kinaangukia juu kabisa ya boriti ya katikati, mahali ambapo mbao nazo zinakutana. Pasueni plaiwudi mbili kati kwa urefu, nusu zake zikae pande mbili za pembeni, na viungo vyote vitahama futi 2. Kisha sponji, kisha turubai la pamba lenye urefu wa futi 19 hivi kila upande, liingie chini na kukazwa kwa kamba kama ngozi ya ngoma. Turubai la plastiki la lori likipata jasho linateleza kama sabuni.

Sasa kamba, ambako ndiko wengi wanakwama. Kamba tatu, kwa kimo cha sentimita 40, 80 na 120 kutoka jukwaani. Zinavuta vichwa vya nguzo kuelekea ndani, boriti inasukuma nguzo nje pale jukwaani, na mguu wa nguzo unataka kukimbilia nje. Nguzo imekuwa mzani. Usipofunga miguu, nguzo zinainama ndani, kamba zinalegea, fundi anazikaza, nguzo zinainama zaidi. Dawa ni kebo mbili za chuma za milimita 12, urefu wa karibu mita 7, zinazopishana msalaba chini ya ulingo kutoka mguu hadi mguu. Kamba ikiwa na mvutano wa kilo 150, kila kebo ya chini inabeba karibu kilo 560, yaani karibu mara nne. Kebo hiyo ikiwa mpya hukatika kwa takribani tani 7, na akiba hiyo inahitajika mtu akijirusha kwenye kamba.

WWE hutumia kamba halisi iliyozungushiwa tepu. Ya katani inapatikana hapa, lakini hunyonya unyevu na kurefuka, hivyo itabidi mkaze kila siku. Njia rahisi ni kebo ya chuma ya milimita 10 ndani ya mpira wa kumwagilia maji, juu yake tepu. Kila mwisho ufungwe kwa klipu tatu za umbo la U zikiachana sentimita 6, na upande wa U ukae juu ya ncha fupi iliyokatwa, tandiko lake likae kwenye kebo ndefu inayobeba mzigo. Mkizigeuza, U inaikata kebo polepole. Vikazio vya skrubu ni 12, vyenye macho yaliyofungwa pande zote, si ndoano, kwa sababu kamba ikilegea ghafla ndoano inachomoka. Vifunikwe kwa mito minene.

Kupima mvutano hakuhitaji mashine. Ning'iniza jerikani la lita 10 lililojaa maji katikati ya kamba. Kamba ikishuka sentimita 7 hadi 8, iko kwenye kilo 150 hivi. Ikishuka 12, imelegea, na mtu anayeiegemea atapindukia nje. Ikishuka 4, mmeikaza mno na mnazitesa nguzo bure.

Kizimba chenye paa: hapana. Rudini kwenye video na mtazame miguu ya wale wawili kabla ya anguko lolote. Wavu unabonyea chini ya kila hatua. Wavu wa seng'enge umetengenezwa kuzuia, haukutengenezwa kubeba, na mzigo wote unaishia kwenye vifungo vya ukingoni. Kimoja kikiachia, jirani yake anabeba viwili, naye anaachia, na paa linafunguka kama zipu. Kwa uzito uliokuwa ukitangazwa, Foley peke yake alikuwa kilo 130. Ile kampuni ilikuwa na mafundi wake na pesa zake, na bado paa lilifunguka mahali ambapo hakuna aliyetaka. Mkitaka kizimba, kiwe kuta tu, na asipande mtu.

Najua pia kuna video ya 12 Juni 2003, Brock Lesnar na Big Show, ulingo mzima ukaporomoka. Ule uliandaliwa uporomoke. Ulingo uliofungwa vizuri hauangushwi na watu wawili, kwa hiyo msiitumie video hiyo kumpa welda hoja ya miguu yake.

Mzigo wote unafika kama tani 1 na robo, kanta moja inaubeba. Chini ya kila nguzo wekeni bamba la sentimita 30 kwa 30 juu ya kipande cha plaiwudi, vinginevyo mtalipa vigae vya ukumbi. Wakati wa kufunga, anzeni na nguzo na boriti za pembeni, kisha kebo za chini zikazwe kidogo, boriti ya katikati, mbao, plaiwudi, sponji, turubai, na kamba mwisho. Mkimaliza kamba, rudini kukaza kebo za chini, halafu kamba tena. Msizidishe watu 8 juu yake kwa wakati mmoja.

Jaribio lifanyike siku moja kabla. Jazeni gunia mchanga kilo 90, watu wanne waliinue hadi mita 1.5 na kuliachia katikati, kisha karibu na kila pembe. Mmoja wenu asimame kando akisikiliza. Mlio mzito wa "ndu" ni mbao zinanesa. Mlio mkali wa "kang" ni chuma kimegonga chuma: pini imelegea au boriti inacheza mfukoni. Baada ya hapo ingieni chini na tochi, mkague kila ubao upande wa chini na kila mshono wa kuchomelea. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kusimamisha kazi.

Siku ya onyesho, kabla ya milango kufunguliwa, ambulensi iwe tayari nje na njia yake iwe wazi. Kati ya mechi na mechi mmoja wenu ainue pazia la pembeni, amulike vikazio vya kebo za chini na pini za boriti zote tano kila ncha, kisha ajaribu kamba kwa jerikani. Mashabiki watasubiri dakika hizo tatu.