Dawa za bustani zinazoweza kumdhuru mbwa

Ndugu, nimekuelewa: mbwa wako hulamba kila unachomwaga bustanini, nawe unataka kujua kipi ni cha hatari. Kinachonitia hofu zaidi ni chembe za kuulia konokono zenye sumu iitwayo metaldehaidi, kwa sababu huchanganywa na nafaka na mbwa huzila kama chakula chake. Kutokwa mate, kutetemeka, joto kupanda na degedege vinaweza kuanza ndani ya saa chache. Kuzipunguza hakutoshi. Ziache kabisa, uwaokote konokono kwa mkono jioni.

Sumu ya panya inayozuia damu kuganda hudanganya, kwani mnyama huonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kutokwa damu. Mbolea ya unga wa mifupa humvutia kwa harufu, na vivyo hivyo maganda ya kakao, ambayo yana theobromini, kemikali yenye sumu kwa mbwa, ile ile iliyomo katika chokoleti.

Akila chochote kati ya hivi, tafadhali usingoje dalili wala usimtapishe kwa chumvi: mpeleke mara moja kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti yenyewe, kwa kuwa jina la kiambato ndilo litakaloongoza matibabu.