Kabla hamjauza shamba kwa ajili ya chipu ya jicho

Habari ya chipu ya jicho, kijipande cha umeme kinachopandikizwa ndani ya jicho, huzuka kwenye makundi ya WhatsApp ya huku Lamu kila baada ya muda. Mtu anatuma video ya mzee wa Ulaya aliyevaa miwani mizito, anasoma herufi kubwa ukutani, na chini yake pameandikwa kwamba vipofu sasa wanarudishiwa macho. Ilipofika kwa jamaa zangu, jioni hiyohiyo mtu alitaja shamba letu la minazi kule Hindi, bara ya Lamu, na bei linaloweza kuleta. Ami yangu, mdogo wake baba, macho yanampungua tangu ujanani, na hakuna kati yetu ambaye angesita kuuza.

Naandika kwa ajili ya nyumba nyingine zenye mgonjwa kama wetu. Chipu hizo zipo kweli, na kazi iliyofanywa na waliozibuni ni kubwa. Lakini swali la kuanzia si bei. Muulizeni daktari: ni sehemu gani ya jicho iliyokufa?

Mwanga huingia kwenye mboni, ukapita kwenye lenzi, ukaangukia retina, utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho. Hapo kuna seli za kudaka mwanga, zaidi ya milioni 100 kwa kila jicho, ambazo huugeuza kuwa umeme mdogo. Umeme huo hupokewa na seli nyingine za retina, kisha neva ya jicho huupeleka kwenye ubongo. Chipu inashika nafasi ya zile seli za kudaka mwanga tu. Yaliyo nyuma yake, yaani seli za kupokea na neva yenyewe, lazima yawe hai.

Kwa hiyo mgonjwa wa presha ya macho, ambaye neva ndiyo iliyoharibika, chipu hii haimfai hata akipewa bure. Mwenye mtoto wa jicho haihitaji, kwa sababu retina yake huwa nzima na ukungu uko kwenye lenzi, na lenzi hubadilishwa kwa upasuaji wa kawaida hapahapa Pwani. Aliyezaliwa haoni kabisa naye hakulengwa, maana ubongo wake haukupata kujifunza kuona. Wanaobaki ni wachache: wale ambao walikuwa wakiona, kisha seli za kudaka mwanga zikafa kwa uzee wa retina au kwa ugonjwa wa kurithi unaoitwa retinaitisi pigmentosa. Huu wa pili ndio wa ami. Humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000.

Niwaeleze unavyoonekana ndani ya nyumba, kwa kuwa wengi wanao na hawaujui jina. Ami ni mshonaji wa kofia, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Tundu analolishona analiona barabara. Akiiweka sindano pajani, imepotea. Anaitafuta kwa kiganja, akipapasa mkeka taratibu kutoka gotini kwenda nje. "Tundu naliona, mwanangu," huniambia, "sindano ndiyo yanikimbia." Ugonjwa huanza na kutoona usiku, kisha hula pembeni na kuacha katikati, mpaka mtu akawa anaona kama aliyechungulia kwenye bomba. Ndiyo maana watu humdhania vibaya. Aliyemwona asubuhi akitunga uzi kwenye sindano, halafu baada ya magharibi akamwona anagongana na punda kichochoroni au anapita barazani bila kuitikia mkono ulioinuliwa, husema anajifanya, au ana kiburi. Hana kiburi. Mkono wako ulikuwa nje ya bomba.

Sasa turudi kwenye chipu. Ya kwanza kujulikana sana iliitwa Argus II, ya kampuni ya Second Sight ya Marekani. Ilipata kibali Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013. Kamera ilikuwa kwenye miwani, ikapeleka picha kwenye kifaa cha kiunoni, kisha ishara zikafika bila waya kwenye vituo 60 vya umeme vilivyobandikwa juu ya retina. Vituo 60, mahali palipokuwa na mamilioni ya seli! Mtu aliona vimulimuli vya mwanga, akajifunza kwa miezi kuvitafsiri: huu ni mlango, huyu ni mtu amesimama. Bei ya kifaa ilikuwa kama dola 150,000. Wajerumani nao walitengeneza Alpha, ambayo chipu yake yenyewe ilidaka mwanga ikiwa chini ya retina, na waya wa umeme ukapita chini ya ngozi hadi nyuma ya sikio.

Inayozungumzwa siku hizi ni PRIMA, na hii ndiyo iliyonivutia zaidi. Ilitokana na kazi ya Daniel Palanker wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ni kijipande cha milimita 2 kwa 2, chembamba kuliko unywele, chenye vipande 378 vinavyofanya kazi kama paneli za sola. Hakina waya wala betri. Miwani yenye kamera hurusha picha ndani ya jicho kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, na mwanga huohuo ndio unaoiendesha chipu. Matokeo yake yalitangazwa Oktoba 2025: wazee 38 wa nchi 5 za Ulaya waliwekewa, 32 walipimwa baada ya mwaka, na 26 kati yao walikuwa wamepata nafuu ya maana katika kusoma herufi. Wapo waliosoma tena maneno baada ya miaka ya kutoweza.

Herufi na maneno, lakini. Nyeusi kwa nyeupe, zimekuzwa na miwani, taratibu, baada ya mafunzo ya miezi. Hakuna rangi, na hakuna anayeutambua uso wa mjukuu wake kama zamani. Wengine walipata matatizo ya upasuaji, mfano presha ya jicho kupanda. Na wote walikuwa na ugonjwa wa uzee wa retina, ule unaokula katikati na kuacha pembeni, kinyume kabisa na wa ami. Nilipomsomea haya jamaa yetu aliyekuwa amekwisha tafuta mnunuzi wa shamba, alinyamaza kidogo kisha akaomba nirudie hapo pa pembeni na katikati.

Jambo lililotutuliza sote, hata hivyo, ami mwenyewe ndiye aliyeliuliza: "Na ikiharibika, fundi yuko wapi?"

Ni swali la mtu aliyekulia mahali ambapo mashine ya boti ikifa baharini hujifunza upesi nani ana spea na nani hana. Jibu lake ni la kuhuzunisha. Argus II iliwekwa kwa watu wapatao 350 duniani. Mwaka 2019 kampuni iliacha kuitengeneza, mwaka uliofuata ikapunguza wengi wa wafanyakazi wake, na wenye chipu jichoni wakabaki bila fundi wala vipuri. Kuna ambao vifaa vyao vilizimika wakarudi gizani. Kampuni ya Alpha nayo ilifungwa 2019. PRIMA pia ilipitia hatari hiyo: kampuni ya Ufaransa iliyokuwa nayo iliishiwa fedha, mali yake ikachukuliwa na Science Corporation ya Marekani mwaka 2024. Kwa hiyo anayewekewa chipu hanunui kitu cha mara moja. Anafunga ndoa na kampuni, na mtu wa Lamu anaifunga akiwa ng'ambo ya bahari, mahali ambapo hata kurekebishiwa miwani ni safari ya viza.

Kuna njia nyingine za utafiti na inafaa mzijue majina. Mwaka 2021 wanasayansi walieleza habari ya mtu wa miaka 58 mwenye ugonjwa kama wa ami, aliyedungwa jichoni jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli, ya protini ya mwani inayohisi mwanga. Akivaa miwani maalumu aliweza kulitafuta daftari mezani na kuligusa. Ipo pia Luxturna, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, lakini ni kwa wenye hitilafu katika jeni moja tu, RPE65, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Hapa ndipo jina kamili la ugonjwa lina thamani: bila hilo hamwezi hata kujua ni habari ipi inayowahusu.

Wapo pia wauza matumaini, na kwao sina huruma. Huko Florida, Marekani, wanawake watatu walilipa dola 5,000 kila mmoja wadungwe seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine, machoni kwa ajili ya uzee wa retina. Walipoteza uwezo wa kuona, na kisa chao kiliandikwa na madaktari mwaka 2017. Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa pesa ya upasuaji unaojaribiwa. Mkiambiwa mlipe ili muingie kwenye majaribio, ondokeni. Na yule anayewauzia vitamini A kwa makopo mwambieni kwamba kuzidisha kipimo chake huharibu ini. Mtoto mdogo asiyeona usiku, huyo ni kesi nyingine, mpelekeni hospitali upesi: huenda ni upungufu wa vitamini A kweli, na unatibika.

Pesa yetu ilikwenda wapi basi? Kwenye jambo dogo kuliko chipu. Kliniki moja ilimwambia ami ugonjwa wake hauna dawa, aende nyumbani, na kwa miaka hakuangaliwa tena. Lakini wenye retinaitisi pigmentosa mara nyingi hupata mtoto wa jicho mapema, na wengine retina huvimba katikati. Yote mawili yanaweza kutibiwa. Alipopimwa upya Mombasa ilionekana lenzi zake zimeingia ukungu, akafanyiwa upasuaji. Bomba halikupanuka, ila lile alionalo ndani yake limeng'aa, na kofia anashona. Ugonjwa usio na dawa si sababu ya kuacha kupimwa kila mwaka.

Mkienda kupimwa, ombeni jina la ugonjwa liandikwe, mchukue nakala ya picha za retina, na muulize moja kwa moja hali ya neva. Msipange kurudi siku hiyohiyo. Matone ya kupanua mboni hukaa kwa saa kadhaa, na jua la kwenye maji kati ya Mokowe, gati ya bara, na Amu, mji wetu wa kisiwani, kwa jicho lililo wazi vile ni mateso; bebeni miwani ya jua na kofia pana.

Na ndugu wa damu wapimwe pia. Hili nalisema kwa heshima, maana kwetu kuoana mabinamu ni jambo la kawaida na lina baraka zake. Aina nyingi za ugonjwa huu hutokea mtoto anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama, na wazazi wakiwa wa ukoo mmoja uwezekano huongezeka. Isiwe sababu ya kumnyanyapaa binti au kijana wa mtu. Iwe sababu ya kumuuliza daktari kabla ya harusi.

Mwisho ni fimbo nyeupe, ambayo wengi huiahirisha wakingoja chipu. Ami aliikataa muda mrefu kwa kuona haya. Sasa anaitumia kuanzia alasiri, na watu humpisha bila kuuliza, na hakuna tena anayesema ana kiburi. Mafunzo ulizieni Kenya Society for the Blind, na mwombeni mwalimu afundishe kwenye vichochoro vyenu vyenyewe, penye ngazi, mifereji na punda waliofungwa, kwa sababu fimbo iliyofundishwa kwenye barabara pana haijui mtaa kama wetu wa Langoni. Simu yenye TalkBack, programu ya Android inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, humsomea ujumbe kwa Kiswahili. Iwasheni wakati bado anaona kiasi, ili vidole vijifunze mapema mahali pa kila kitu.