Kwotabeki wa Pointi Si Lazima Awe Kwotabeki wa Ushindi

Msimu wa 2019 wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) Jameis Winston wa Tampa Bay alirusha pasi za jumla ya yadi 5,109 na tachidauni 33, yaani mara ambazo mpira ulifikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Jimmy Garoppolo wa San Francisco aliishia yadi 3,978 na tachidauni 27. Aliyekuwa na Winston kwenye timu yake ya fantasi, mchezo wa kupanga kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa takwimu zao, alicheka mpaka Desemba. Uwanjani mambo yalikuwa kinyume: Tampa Bay ilishinda 7 ikafungwa 9, San Francisco ilishinda 13 na kufika Super Bowl, fainali ya ligi. Msimu ulipokwisha, Tampa Bay ilimwacha Winston aende, ikamchukua Tom Brady aliyekuwa na miaka 42, na msimu uliofuata ikatwaa ubingwa.

Anayecheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza analijua jambo hili kupitia Rodri. Ballon d'Or ya 2024 ni yake, lakini ni nani aliyempa ukapteni wa wiki? Kwa kwotabeki tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu kila mpira unapita mikononi mwake, na takwimu zake zinaonekana kama zinaeleza kila kitu.

Kwa aliyealikwa kwenye ligi ya wenzake wa kazini kule Dallas au Minneapolis na bado anajifunza mchezo: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kila jaribio kwotabeki anapewa mpira, naye anaurusha, anamkabidhi mkimbiaji, au anakimbia nao mwenyewe. Basi. Mengine utayaokota njiani.

Jedwali la pointi linalipa nini hasa

Katika ligi nyingi, yadi 25 za pasi ni pointi 1. Tachidauni ya pasi ni 4. Pasi iliyonaswa na wapinzani inakata 2, ingawa ziko ligi zinazokata 1 tu. Yadi 10 za kukimbia ni pointi 1, tachidauni ya kukimbia ni 6, na mpira ukikudondoka wapinzani wakauchukua unakatwa 2.

Sasa liweke jedwali hilo kando ya kipimo cha uwanjani. Kilicho rahisi kukokotoa mwenyewe ni kile kinachoandikwa ANY/A kwenye tovuti ya takwimu ya Pro Football Reference, yaani wastani wa yadi kwa kila jaribio la pasi baada ya marekebisho. Chukua yadi za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, toa yadi zilizopotea kila alipoangushwa nyuma ya mstari wa kuanzia jaribio akiwa na mpira. Kisha gawanya kwa idadi ya pasi alizojaribu ukijumlisha na mara alizoangushwa. Wastani wa ligi huzunguka 6. Anayefika 7 ni mzuri, na anayevuka 8 kwa msimu mzima huwa anatajwa kwenye mbio za MVP, tuzo ya mchezaji bora wa msimu.

Watu husema fantasi haiadhibu pasi zilizonaswa. Fanya hesabu kwanza. Pointi 2 ni sawa na yadi 50 za pasi, na ANY/A inatoa 45, kwa hiyo hapo vipimo viwili vinakaribiana. Penye upotofu ni kwenye tachidauni: fantasi inaihesabu sawa na yadi 100, ANY/A inaihesabu 20. Sababu ya hiyo 20 ni kwamba timu iliyobakiza yadi 2 kufika mstari wa goli ina uwezekano mkubwa wa kufunga hata hivyo. Kwotabeki aliyerusha ile pasi fupi ya mwisho hakuleta pointi zote peke yake. Kwenye fantasi anazilamba zote.

Kuangushwa nyuma ya mstari hakukatwi chochote katika ligi nyingi, ilhali uwanjani kunaua mashambulizi. Ukianza jaribio la pili na yadi 17 badala ya 10, kocha hana tena uhuru wa kuchagua mchezo.

Kitu cha tatu ndicho wengi hawakioni: fantasi haigawanyi. Haijali pointi zimepatikana kwa pasi ngapi. Winston alirusha mara 626, Garoppolo 476. Kwa pasi peke yake Winston alipata takriban pointi 276 na Garoppolo 241. Alimzidi kwa 35, lakini alihitaji pasi 150 zaidi kuzipata. ANY/A ya Winston ilikuwa 6.15, ya Garoppolo 7.22. Sasa unaona kwa nini mmoja alibaki na kazi yake na mwingine akaondoka.

Miguu

Yadi 50 za kukimbia zina thamani ya yadi 125 za pasi. Tachidauni moja ya miguu ni sawa na tachidauni moja na nusu ya mkono. Hakuna pengo kubwa kuliko hili kwenye fantasi, na ndiyo maana wanaoujua mchezo huu hutafuta miguu kabla ya mkono.

Mtazame Justin Fields mwaka 2022 akiwa Chicago. Yadi 2,242 za pasi, yaani chache sana kwa msimu. Tachidauni 17, pasi zilizonaswa 11. Lakini alikimbia yadi 1,143 na kufunga tachidauni 8 kwa miguu, akaingia kumi bora ya makwotabeki wa fantasi. Timu ilishinda mechi 3, ikafungwa 14. Aliangushwa mara 55 katika majaribio 373 ya pasi, karibu asilimia 15, wakati wastani wa ligi ni kama asilimia 6 au 7. Machi 2024 Chicago ilimpeleka Pittsburgh kwa malipo ya chaguo la raundi ya sita lenye masharti, yaani nafasi ya chini ya kuchagua mchezaji chipukizi. Soko la kweli lilikuwa limeshasema bei yake.

Jalen Hurts wa Philadelphia ni kesi nyingine kabisa, usimweke kapu moja na Fields. Mwaka 2024 alirusha yadi 2,903 na tachidauni 18 tu, pasi zilizonaswa 5. Hizo ni kama pointi 178. Akaongeza yadi 630 na tachidauni 14 za miguu: pointi 147. Nyingi ya tachidauni hizo ni za yadi moja, wenzake wakimsukuma kwa nyuma mpaka avuke mstari wa goli. Timu yake ikawa bingwa kwa 40–22 dhidi ya Kansas City, naye akatajwa mchezaji bora wa Super Bowl. Thamani yake uwanjani inatokana na kutopoteza mpira, kwenye timu yenye ukuta imara wa mbele (wachezaji wanaomkinga kwotabeki) na mkimbiaji, Saquon Barkley, aliyefikisha yadi 2,005 msimu huo. Huko kutopoteza mpira ni dhahabu kwa kocha, lakini jedwali la fantasi halilipi pointi kwa hilo, linakata tu mpira unapopotea.

Zingatia pia kwamba Mei 2025 wamiliki wa timu walipiga kura kuufuta mchezo ule wa kusukuma. Kura 22 zilitaka ufutwe, zilihitajika 24. Ukimnunua kwotabeki ambaye sehemu nzuri ya pointi zake inategemea mchezo wa aina moja, umenunua na kanuni yenyewe. Fuatilia mikutano ya wamiliki ya Machi na Mei kabla ya kupanga orodha yako.

Na miguu huumia. Lamar Jackson alicheza mechi 12 mwaka 2021 na 12 tena mwaka 2022. Hizo ni mechi tano unazotafuta mbadala kila msimu.

Pointi za mechi iliyokwisha kuamuliwa

Blake Bortles wa Jacksonville, 2015: yadi 4,428, tachidauni 35, yumo ndani ya tano bora ya fantasi. Timu yake: ushindi 5, vipigo 11. Timu inapokuwa nyuma kwa pointi 20 katika robo ya nne, wapinzani huwarudisha mabeki nyuma na kuacha pasi fupi zipite ili saa iendelee. Kwotabeki anajaza yadi. Uwanjani hazina maana, kwenye simu yako zinahesabiwa kama kawaida.

Kuzichuja ni rahisi. Fungua rekodi ya mchezo kwa mchezo, ondoa majaribio yote ya robo ya nne ambapo tofauti ilikuwa pointi 17 au zaidi (tofauti ya 16 bado inafutika kwa mashambulizi mawili). Hesabu ANY/A upya. Ikishuka sana, umeshajua kwamba takwimu zake zilipikwa na vipigo. Usimkatae kwa sababu hiyo pekee, kwa kuwa timu mbovu yenye ulinzi mbovu itaendelea kumpa nafasi hizo. Mpe bei ya msimu mmoja tu.

Hapo kuna mtego wa upande wa pili: kupima kwotabeki kwa ushindi wa timu. Joe Burrow mwaka 2024 aliongoza ligi nzima kwa yadi 4,918 na tachidauni 43, pasi zilizonaswa 9 tu. Cincinnati ilimaliza 9–8 na kukosa mtoano, kwa sababu ulinzi ulikuwa ukifungwa kadiri yeye alivyofunga. Fantasi ilimpima sawasawa. Msimamo wa ligi ndio uliomdhulumu. Patrick Mahomes msimu huohuo alikuwa na yadi 3,928 na tachidauni 26, na Kansas City ikashinda 15. Aliyemchagua mapema kwa sababu ya jina na pete za ubingwa alilipa bei ya ushindi akapata pointi za kawaida.

Daftari mbili

Fungua karatasi mbili tofauti kwa kila kwotabeki. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya kwanza ni ya pointi: yadi za miguu kwa mechi, ni nani anayepewa mpira timu ikifika yadi 5 za mwisho, timu inarusha pasi ngapi kwa mechi, na je, kocha wa mashambulizi amebadilika. Kocha akibadilika, punguza imani yako katika takwimu za mwaka jana, hata kama wapokeaji wa pasi ni walewale.

Ya pili ni ya uwanjani: ANY/A iliyochujwa, asilimia ya kuangushwa, na anavyofanya kwenye jaribio la tatu zikiwa zimebaki yadi 7 au zaidi, ambapo wapinzani wanajua pasi inakuja. Asilimia ya kuangushwa usiitupie lawama ukuta wa mbele peke yake. Kwotabeki anayeshikilia mpira zaidi ya sekunde tatu hujiletea mwenyewe, na tabia hiyo huhama naye akienda timu nyingine.

Daftari hizi zinakutana mahali pamoja tu, nako ni kwenye ajira. Ya pili ndiyo inayosema kama mwakani atakuwa bado anaanza mechi. Kwa hiyo aina ya ligi yako ndiyo inayoamua uzito. Ligi ya msimu mmoja: daftari la pointi liwe na kauli, la uwanjani litumie kuepuka mtu atakayekalishwa benchi Oktoba. Ligi ya kubaki na wachezaji mwaka hadi mwaka: geuza. Aliyemng'ang'ania Fields baada ya 2022 akikataa kila ofa alikuwa ameshika pointi zisizo na ajira.

Halafu, mnapochagua wachezaji kwa zamu, raundi kwa raundi, usimchukue kwotabeki mapema kuliko inavyostahili. Ligi ya watu 12 inatumia makwotabeki 12 kwa wiki, ilhali NFL ina timu 32. Kinachopimwa ni tofauti kati ya wako na yule wa 12. Tuseme wa kwanza anatoa 24 kwa wiki na wa 12 anatoa 18: umenunua pointi 6, si 24. Fanya hesabu hiyohiyo kwa wapokeaji, ambao hutumika 24 hadi 36 au zaidi kila wiki, ndipo uamue raundi gani. Kwenye ligi inayoruhusu makwotabeki wawili hesabu inapinduka, maana wanahitajika 24 na walio salama kwenye kazi zao hawatoshi. Huko hata Garoppolo wa 2019 ana bei nzuri.

Soma pia kanuni za ligi yako kabla ya yote. Tachidauni ya pasi ikilipwa 6 badala ya 4, Burrow anapanda na Hurts anashuka.

Anayecheza akiwa Nairobi au Dar es Salaam aiangalie saa. Mechi nyingi za Jumapili huanza saa 2 usiku, na baada ya Marekani kurudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba huwa saa 3. Orodha ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla ya mechi. Mechi za London huwahi kuanza, saa 10 na nusu jioni, na mchezaji hufungwa mechi yake inapoanza, kwa hiyo usisubiri usiku kupanga kikosi. Katika ligi ya makwotabeki wawili, anayecheza mapema mweke kwenye nafasi ya kwotabeki, na wa mechi ya Jumatatu, ambayo kwetu ni alfajiri ya Jumanne, mweke kwenye nafasi huru, inayokubali kwotabeki, mpokeaji au mkimbiaji. Akitangazwa majeruhi Jumapili usiku, bado unaweza kumtoa ukaingiza mpokeaji au mkimbiaji ambaye hajacheza.