Spea za baiskeli za bei chee: nilichookoa kwenye cheni, nilichopoteza kwenye ekseli

Ekseli ya kwanza ya gurudumu la nyuma la baiskeli yangu ilivunjika nikipanda kutoka Soni kwenda Lushoto. Nikasema ni bahati mbaya, nikaweka nyingine ya bei ileile. Hiyo haikumaliza miezi mitatu. Fundi akaitoa, akanionesha ilipokatika: upande wa friwili, yaani fungu la sproketi za nyuma, palepale kama ya kwanza.

"Mwalimu, kila siku unanunua ekseli, na ugonjwa uko kwenye kitovu."

Baiskeli nyingi za bei ya chini zina friwili inayofungwa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Gololi za upande huo hukaa ndani, nyuma ya sproketi zote, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli hubaki bila kitu cha kukishikilia. Sproketi zikiwa 5 si neno. Zikifika 7, ukaongeza mtu wa kilo 80 na barabara ya mawe, chuma hupinda, kisha hukatika. Kitovu cha kaseti, ambacho sproketi zake huchomekwa badala ya kuzungushwa, mfumo ambao Shimano waliuleta mwishoni mwa miaka ya 1970, kimesogeza gololi hizo hadi karibu na fremu. Nilinunua gurudumu zima la namna hiyo, la mtumba, kwa bei iliyozidi ekseli zote mbili na friwili yake. Nilinung'unika siku nzima. Huu ni mwaka wa nne, na ekseli ni ileile.

Kwenye cheni mambo ni kinyume. Cheni huisha, iwe ya bei gani, basi mimi nanunua ya kawaida na kuibadilisha mapema. Napima kwa rula: nikihesabu pingili 24, cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi hapo kwa milimita moja na nusu, naitoa. Ukichelewa itakula sproketi, na hapo ndipo pesa zinapokwenda. Anayenunua cheni ghali halafu hapimi, mimi simwelewi.

Pedeli na kiti, chukua chochote kisichokuumiza.

Breki sibishani na mtu. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30, karibu zote za kushuka, na mvua ya huko haipigi hodi. Rimu ya chuma ikilowa, raba huteleza tu. Unabana mpaka vidole vinauma na baiskeli inaendelea na safari yake. Weka rimu za alumini, raba nzuri na waya mpya. Raba zenyewe ndiyo spea ndogo kuliko zote utakazonunua, sijui kwa nini watu huzionea uchungu.

Shokapu ya bei chee ni springi na uzito, basi. Inakurusha kama kitanda cha gesti. Niliitoa, nikafunga foki ya kawaida, na mlima ukawa mfupi kidogo.

Lakini usikimbilie juu kabisa. Kwenye vibadilisha gia vya Shimano, kutoka Tourney ya chini kwenda Deore ya kati, tofauti utaisikia kwenye kidole siku ya kwanza. Kutoka Deore kwenda XTR ya juu kabisa, sehemu kubwa ya pesa unalipia wepesi, na mimi ninabeba viazi. Deore ya mtumba yenye mikwaruzo naichukua kabla ya mpya isiyo na jina. Naishika tu kwanza na kuitikisa kushoto kulia. Ikicheza sana kwenye maungio, namrudishia mwenyewe.